Soksi Ikiwa Chini

Shangazi yangu hakumwamini mtu, na sitaki mumlaumu kabla hamjasikia kazi aliyoifanya. Nusu ya maisha yake alipima watu uzito. Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa na mizani ya chuma mlangoni mwa chumba cha kusubiria, kwa sababu ndege zenyewe zilikuwa ndogo na rubani alitaka kujua anabeba nini. Mume wake alikuwa mlinzi wa kiwanja, yeye akapewa mizani. Alikuwa akiniambia kwamba hakuna mahali binadamu anadanganya kwa bidii kama juu ya mizani. Mfanyabiashara anavuta tumbo ndani kana kwamba mizani ina macho. Mama anampa mkwewe mtoto amshikie, halafu anamchukua tena mlangoni mwa ndege. Bwana mmoja mwenye koti refu na salamu nyingi alilivua kabla ya kupimwa, likakutwa limejaa misumari mifukoni, mpaka ya ndani.

Tangu misumari ile, Shangazi alimtazama kila mtu kama mwenye koti. Mbele yake tulimwita Mama Mizani. Nyuma yake tulimwita Polisi, na alijua, maana hakuna alichokuwa hajui.

Kiwanja kilianza kama kipande cha shamba la pamba. Kampuni ya pamba ilifyeka majani ili ndege za kunyunyizia dawa zipate pa kutua, na watu wakagundua kwamba mahali panapotua dawa ya wadudu panaweza pia kutua barua, chanjo, mwalimu mkuu na mgonjwa. Kulikuwa na miaka ambayo watu walivaa nguo za sikukuu kuja kutazama tu. Kisha ikaja barabara ya lami na daraja, na ndege zikaanza kupungua moja moja, kama wageni walioona sahani zinaoshwa. Mwisho kikabaki kiwanja cha majani, mawe yaliyopakwa chokaa kando yake, mlingoti wenye soksi ya upepo, chumba cha kusubiria kisicho na wa kusubiri, na banda la mabati lenye ndege moja.

Ndege hiyo ilikuwa mali ya Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, siku hizi mstaafu, mzee mrefu mwenye fimbo na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Aliinunua pale kampuni ya pamba ilipofungwa, ikiwa kuukuu tayari: mabawa mawili juu, mawili chini, mwili wa turubai lililopakwa rangi ya njano, viti viwili vilivyo wazi kwa upepo. Tuliiita Kereng'ende. Kwa miaka mingi aliruka nayo kwenda kutibu mifugo mbali, na wafugaji walisema ng'ombe wao walipona kwa kusikia mngurumo tu.

Mume wa Shangazi alipofariki, waliokuwa na madaraka ya kiwanja walimtaka Shangazi ahame nyumba ya mlinzi. Daktari alikuja na fimbo yake akawaambia, "Mlinzi mnaye. Mnatafuta mwingine wa nini?" Basi. Shangazi akabaki, akalinda kiwanja na Kereng'ende. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kama kuna binadamu mmoja duniani ambaye Shangazi hakuwahi kumshuku, ni Daktari.

Mimi ni fundi cherehani, na naingia katika habari hii kwa sababu ya soksi. Soksi ya upepo ni mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa kwenye pete ya waya juu ya mlingoti. Ukijaa upepo, rubani anajua upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Jua huila. Kila ilipochakaa, mimi nilishona nyingine, ya rangi ya machungwa, na kila mara Shangazi aliikagua mshono kwa mshono kana kwamba nimeficha misumari.

Soksi ile ilikuwa na sheria yake. Zamani rubani mmoja kijana aliruka bila kuitazama, akaishia mtaroni, pua chini mkia juu. Hakufa, lakini Daktari aligonga meza ya chumba cha kusubiria mbele ya watu wote akasema, "Kuanzia leo mlinzi ndiye anapandisha soksi na mlinzi ndiye anashusha. Soksi ikiwa chini, haruki mtu. Hata mimi." Shangazi aliipenda sheria hiyo kuliko mshahara.

Sasa Daktari alikuwa haruki tena. Macho yalianza kumsumbua, na binti yake anayekaa mjini alimpigia simu Shangazi. Nilikuwepo. Alisema, "Mama, hospitali wamesema asishike hata usukani wa gari. Yeye anasema ni miwani tu. Akiruka, mimi sina baba. Nisaidie kumwangalia." Shangazi akamjibu asiwe na wasiwasi, banda lina kufuli.

Daktari mwenyewe, ukimuuliza, alikuwa na jibu lake. "Karibu ndiyo shida. Mbali naona kama mwewe." Gazeti alisomewa, chai aliwekewa sukari, lakini mbali aliona kama mwewe. Tuliamini. Nani angembishia?

Basi Kereng'ende ikaanza kukutwa imefunikwa vibaya.

Ndivyo ilivyoanza. Shangazi aliifunika ndege kwa shuka kuukuu, ncha zikitazama chini. Jumamosi moja, aliporudi sokoni, alikuta ncha moja imekunjwa ndani. Kisha pangaboi. Pangaboi la Kereng'ende, lile la puani linaloivuta ndege, ni la mbao, na likisimama wima maji ya ndani ya mbao huteremka upande mmoja, nalo hutetemeka likizunguka. Kwa hiyo Shangazi alilaza pangaboi sawasawa na ardhi, siku zote, kama mtu anavyopanga viatu mlangoni. Akalikuta limesimama upande. Akalilaza. Jumamosi nyingine, akalikuta tena. Na banda likanuka petroli mbichi.

"Ni Grisi," aliniambia.

Grisi ni fundi wa matrekta, aliyekuwa akimtengenezea Daktari injini tangu zamani, na ufunguo wa pili wa kufuli alikuwa nao yeye. Nilimtetea. Nikamwambia Shangazi kwamba Grisi ni mtu wa watu, anacheka na kila mtu.

"Ndiyo hapo," alisema. "Mtu anayecheka kabla ya salamu ana jambo. Unamkumbuka yule wa gari jeupe?"

Nilimkumbuka. Mwezi uliopita alikuja mgeni na kamera, akaizunguka Kereng'ende akishika shika mabawa, akasema anakusanya ndege za kale na angependa kuinunua. Daktari alimfukuza. Lakini Grisi alimsindikiza mpaka kwenye gari, na Shangazi aliwaona wakiongea dirishani.

"Amemwahidi kitu," alisema Shangazi. "Anaitengeneza polepole, siku ambazo mimi sipo. Siku moja nitarudi na kabichi zangu nikute banda tupu. Nimwambie nini Daktari? Kwamba nilikuwa nachagua nyanya?"

Nakiri alinivuta. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilianza kumtazama Grisi nikamwona kwa macho mapya: mbona anapiga mluzi? Mbona ananawa mikono na sabuni siku ya Jumamosi? Akanisalimia dukani, nikamjibu kwa kichwa tu, maskini.

Shangazi alitega mtego. Alichukua chokaa ya kupaka mawe, akaipepeta kwa chekecheo la unga juu ya sakafu ya banda, nyembamba kiasi kwamba usingeiona bila kuinama. Akabeba kikapu, akaenda sokoni akiwaaga watu kwa sauti. Aliporudi alinipitia dukani, tukaingia bandani pamoja, sketi tumezishika juu.

Nyayo zilikuwepo. Viatu vipana vya Grisi, vyenye alama ya tairi, kutoka mlangoni mpaka injini. "Si nilikwambia?" alinong'ona Shangazi, na kusema kweli alikuwa amefurahi. Kisha akainama zaidi. Kando ya nyayo za Grisi zilikuwa nyingine, nyembamba na ndefu, zinazoburuta kidogo. Na kando ya hizo, hatua kwa hatua, kiduara kama cha chini ya kikombe cha kahawa. Viduara viliizunguka ndege nzima na kuishia kwenye ngazi ya kiti cha rubani.

Ilikuwa fimbo.

Shangazi alikaa juu ya debe la mafuta. Alikuwa amewashuku watu wote wa wilaya hii, wafanyabiashara, mapadri, mashehe, mimi, na kikulacho kilikuwa nguoni mwake. Nilimwambia twende tukamwambie Daktari kwamba tumejua. Akatikisa kichwa. "Nimwambie mimi? Mtu aliyeniwekea paa juu ya kichwa? Atasema yeye anaona mbali kama mwewe, na mimi nitasema ndiyo Daktari." Nikamwambia basi tumpigie binti yake. Alifikiri kidogo akasema binti atamzomea kama mtoto, naye ataruka kesho yake ili kumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata nilimletea soksi mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechanika mdomoni. Shangazi aliteremsha ya zamani mapema asubuhi na kuitia jikoni. Ile mpya alinitupia begani kama kanga, akaacha kamba ya mlingoti ikining'inia. Kisha akachukua kikapu, akaaga watu, tukaenda mpaka kwenye kona ya barabara, tukarudi kwa njia ya nyuma, tukakaa katika chumba cha kusubiria, kando ya mizani yake. Shangazi alikuwa anapangusa vumbi kwenye mizani.

Hawakuchelewa. Grisi alifungua milango ya banda, akaisukuma Kereng'ende nje mpaka mwanzo wa majani, na Daktari akaifuata, mkono mmoja kwenye bawa. Alikuwa amevaa kofia yake ya ngozi. Alipanda ngazi akipapasa, lakini alipokwisha kukaa alikuwa kijana. Grisi akaenda mbele, akashika pangaboi kwa mikono miwili, tayari kulizungusha injini iwake.

"Swichi?" aliuliza Grisi.

"Bado. Subiri nitazame upepo," alisema Daktari, akainua uso kuelekea mlingoti.

Shangazi akatoka. Sikujua kama nimfuate, nikamfuata. Grisi alipotuona alishusha mikono, na uso wake ukawa wa mtu aliyeokolewa kuliko aliyefumaniwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyu alishindwa kumkatalia mzee, na kila Jumamosi alikuwa akiomba injini isiwake.

"Shikamoo Daktari," alisema Shangazi.

"Marahaba, Mama Mizani." Hakushtuka, au alificha. "Leo soko limekwisha mapema."

"Sikufika. Nimekuja kuuliza upepo."

"Upepo mzuri." Alionyesha kwa kidole, moja kwa moja juu ya mlingoti, kwa uhakika wa mtu anayesoma kibao. "Si unaona soksi? Imejaa nusu, inatazama shambani. Unatoka mtoni. Upepo wa kurukia huo, tangu enzi za marehemu mumeo."

Grisi alitazama mlingoti mtupu. Kisha akanitazama mimi begani.

Nilidhani Shangazi atasema. Huyu aliyemkamata bwana wa misumari mbele ya abiria wote, aliyefukuza watu kwenye mizani kwa maneno makali kuliko pilipili. Badala yake, alinivua soksi begani, akapanda ngazi ya kwanza, akaiweka mapajani pa Daktari.

Daktari aliishika. Vidole vyake vikaenda kwenye waya, vikazunguka pete, vikafuata mshono wangu mpaka mwisho.

"Mpya hii," alisema.

"Mpya. Ya zamani nimeishusha asubuhi."

"Kwa hiyo pale juu pana nini?"

"Mlingoti."

Nilitamani ardhi inimeze, na nilimchukia Shangazi kidogo, na nilimpenda, yote kwa pamoja. Mwisho Daktari akavua kofia ya ngozi.

"Nani aliweka ile sheria ya kipumbavu?"

"Wewe, Daktari."

"Nilikuwa mpumbavu."

"Ulikuwa unaona," alisema Shangazi.

Daktari hakumfukuza Shangazi kazi. Hakumsamehe pia, si mara moja. Kwa wiki kadhaa alimsalimia kama mtu wa kodi. Lakini Jumamosi zinarudi tu. Siku moja akaja na fimbo yake akaamuru Kereng'ende itolewe nje, ipate hewa. Sasa ni desturi. Grisi anaisukuma mpaka kwenye majani, Daktari anapanda anakaa, pangaboi limelala sawasawa, na haliguswi. Anataka tu kuambiwa upepo.

Na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu Daktari siku hizi hamwamini mtu. Anamuuliza Shangazi, halafu anamuuliza Grisi kando, halafu mimi, aone kama majibu yanalingana. Juzi nilikuwepo.

"Soksi iko juu?"

"Iko juu, Daktari. Inatazama shambani."

"Uliwahi kunidanganya na soksi hiyo hiyo."

"Sikukudanganya. Nilikuuliza."

"Sikuamini tena."

Shangazi ni mwanamke ambaye hajaomba kuaminiwa na mtu hata siku moja. Akamshika Daktari mkono, akamteremsha ngazi, akamwongoza kwenye majani mpaka penye mlingoti, akamshikisha kamba. Soksi ilikuwa imejaa, na kamba ilikuwa inavuta, inalegea, inavuta. Daktari alisimama ameishika kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia mtoni.

"Unatoka mtoni," alisema.

"Ndiyo," alisema Shangazi, na hakuuachia mkono wake.