Shemeji, panga na ua langu la mlangoni

Leo nimeshonwa nyuzi saba kwa sababu ya ua.

Mnalijua ua langu la haidrenjia la mlangoni, lile la vichwa vikubwa vya buluu. Kichwa kimoja kilikuwa kimeota majani ya kijani katikati ya maua.

Asubuhi shemeji yangu Deus alikuja kutusalimia hapa Ihembe. Mwezi uliopita alizika mtoto wake.

Akalitazama lile ua, akasema taratibu, "Huu ni uchawi wa yule bibi jirani."

Akachukua panga, akafyeka ua lote, akaenda moja kwa moja kwa yule jirani, Bibi Koku, aliyekuwa anaanika kahawa. Nikamkimbilia nyuma. Akampiga teke, bibi akaanguka kwenye mkeka.

Panga lilipoinuka, nikaweka mkono kumkinga bibi.

Damu yangu ilimrukia Deus usoni. Hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Bwana shamba wa kijiji, aliyenipeleka zahanati, alikuwa ameokota kile kichwa chenye majani kutoka kwenye ua lililofyekwa. "Mmea umeugua tu, mama," akaniambia.

Mume wangu anataka tuyamalize kifamilia. Bibi Koku hawezi kusimama.

Kesho naenda polisi. Mwenye la kusema aniandikie hapa chini.