Kitanda cha Tursun, Muuza Zabibu

Mbarak wa Unguja, mnunuzi wa vitambaa soko la Zhongda mjini Guangzhou, Uchina, alijua kila kitu; kama huamini ungemuuliza mwenyewe, angekwambia. Mwaka ule wa tisini na nane, alipomchukua Tursun chumbani kwake mtaa wa Dengfeng, alijua hata namna ya kumuuguza Mkirigizi, mtu wa milima ya Asia ya Kati.

Tursun alikuwa akiuza zabibu kavu pale chini ya ngazi za jengo hilo. Ini likamharibikia, daktari akasema apelekwe kwao, na kwao ni mbali mno kwa mtu asiyeweza hata kukaa. Guangzhou hakuwa na ndugu. Alikuwa na mji wake tu, na kila siku aliusimulia kwa Kichina cha sokoni: barabara moja, mto unaoikata, daraja la mbao, soko la farasi ng'ambo, miti ya jozi mlimani, na juu kabisa theluji isiyoyeyuka. Mbarak akimtania kwamba mji wenyewe mtu akipiga chafya ameshaupita.

Siku pumzi zilipoanza kukatika, Mbarak alijua la kufanya: mgonjwa wa hali ile huelekezwa kibla. Akakivuta kitanda, akamlaza ubavu wa kulia, uso kaskazini. Tursun akatikisa kichwa. Akanong'ona kwamba kwao, ukiupa mlima mgongo, kibla ni kule darajani.

"Mzee, mimi nimeswali huku tangu utoto," Mbarak akamwambia.

"Utoto wa Malindi ya Unguja, kaka," alisema Swalha, mfanyabiashara wa Dar aliyeleta uji. "Kwetu Makka iko kaskazini. Kwake iko darajani. Hapa msikitini tunaelekea magharibi, kaskazini kidogo. Hujawahi kuangalia?"

Hakuwahi. Msikitini alifuata safu. Chumbani alifuata Unguja.

Wakakigeuza kitanda wote wawili, chuma kikikwaruza sakafu. Tursun akauliza, basi, daraja liko wapi sasa.

Mbarak akaikumbuka ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani kwa wakala wa meli kule bandari ya Huangpu. Akaushika mkono wa mgonjwa, akausogeza kulia kidogo tu.

"Pale. Ukielekea Makka, mji wenu unaupita ubavuni. Daraja, farasi, theluji yake yote."

Tursun akatazama huko. Swalha akamtamkia shahada taratibu, naye akaifuata kwa midomo. Mbarak hakuuachia ule mkono, hata ulipopoa.