Aliyetupokea Chini ya Mlima wa Newala

Mtu akikuambia haya ni uongo, mlete kwangu Chiwata. Nilikuwa mwalimu, pombe sionji, na jua lilikuwa halijazama. Yalinipata mimi mwenyewe enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru.

Shangazi yangu, Mama Agnesi, alikuwa mjane mwenye magoti mabovu. Mama yake, yaani bibi yangu, alitekwa angali mtoto huko juu Newala, akauzwa, akaja kukombolewa na kulelewa na wamisheni wa Masasi. Alikufa bila kujua jina la ukoo wake. Alichokumbuka ni vituo vya njiani tu: chemchemi chini ya mlima, kijiji cha Chiungutwa, na mwamba wenye mashimo kama vinu.

Siku moja shangazi akaniambia, "Mwanangu, nipakie kwenye baiskeli yako. Nataka nipite alikopita mama, mpaka nifike alikotoka."

Wazee wa kanisa walicheka. Nani atamkumbuka mtoto aliyetekwa zamani zile? Mimi nilikubali, na nisikufiche, nilitaka pia watu waione baiskeli yangu mpya.

Niamini, safari ilikuwa tamu. Pale mwambani, karibu na Masasi, shangazi aliingiza mkono katika kila shimo, akacheka kama msichana. Chiungutwa walitupa ugali wa muhogo na kisamvu, na bibi mmoja akatuonyesha misafara ya watumwa ilipokuwa ikilala. Tulipofika sisi palikuwa shamba la mbaazi. Shangazi akavua viatu, akapita katikati ya mbaazi. Mimi nilikuwa nalitazama jua.

"Mwalimu, unakimbilia wapi?" akaniuliza.

Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, tukafika kwenye chemchemi. Kule juu maji hakuna, wanawake huyafuata bondeni. Saa ile alikuwapo mmoja tu, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, ana ndonya, kile kipande cha mti cha Wamakonde, kwenye mdomo wa juu, ameketi kando ya mtungi uliojaa.

Kabla sijafungua kinywa, shangazi akapiga goti. Na magoti yale!

"Shikamoo."

Nikashangaa. Mtu mzima amwamkie msichana? Na yule msichana hakuona haya hata kidogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekawia. Na huyu ni wa nani?"

"Ni wa kaka yangu," shangazi akajibu.

"Haya, twendeni. Nyumbani wana kiu."

Akajitwika mtungi, akatangulia. Mlima ule ni mkali. Mimi nilisukuma baiskeli nikihema, shangazi akapanda kama mbuzi. Mtungini hakuna tone lililomwagika. Ndipo nikatazama chini. Vumbini niliona nyayo za shangazi tu. Mbele ya shangazi, alikopita yule mwanamke, vumbi lilikuwa halijakanyagwa.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilitaka kukimbia, lakini nimwache shangazi na nani? Nikaanza Baba Yetu, nikapotea katikati.

Tulipofika juu, kwenye nyumba za kwanza, yule mwanamke akatua mtungi, akamgusa shangazi shavuni. Sikupepesa macho, nakuapia. Mara hayupo. Umebaki mtungi.

Ajuza mmoja akatoka nyumbani kwake. Alipouona mtungi akapiga yowe. Akapitisha kidole kwenye nakshi za shingo ya mtungi.

"Huu wa mama mkubwa! Nilikuwa mtoto walipouweka juu ya kaburi lake. Mwanawe alichukuliwa kule chemchemini. Naye akawa anashuka kila siku kumngoja, mpaka kifo kikamkuta kule kule."

Shangazi akamtajia jina la bibi yangu, lile la utotoni. Ajuza akamkumbatia, wakaanguka wote wawili.

"Basi wewe ni mwanangu! Ni mwanangu!"

Vigelegele vikapigwa, ngoma zikatolewa, kijiji kizima kikaja mbio. Shangazi akaambiwa jina la ukoo wake, akasimama ukingoni mwa mlima na kulitangaza bonde zima lisikie. Kisha akacheza. Maji ya mtungi ule tulikunywa wote, na watoto wakapata.

Hakurudi tena Chiwata kuishi. Alikaa Newala miaka kumi na mmoja, akazikwa kati ya watu wake. Mjukuu wake alipoolewa hapa Chiwata, ndugu wa Newala walikuja na ngoma zao wakajaza uwanja wa kanisa, na wazee waliocheka ndio waliowapelekea viti.

Mimi je? Hadi leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa, kama ya mtungi ule, nywele zinanisimama.

Nawe ukienda Newala kwa njia ile, pumzika kila mahali, kula, uliza wenyeji habari za zamani. Lakini kwenye chemchemi usifike jioni ukiwa peke yako. Utaulizwa wewe ni wa nani. Mimi nilikuwa na shangazi wa kunijibia.