Safu ya Tatu ni ya Mama Mkwe

Juzi, kwenye yadi ya magari yaliyotumika hapa Migori, niliwakuta mume na mke wakibishania magari mawili. Mume alipapasa boneti ya gari dogo. "Hili halinywi mafuta," alisema. Mke alikuwa ameegemea gari kubwa lenye safu tatu za viti.

"Na tukimtoa mama yangu Kendu Bay kumpeleka kliniki, atakaa wapi?"

"Si nyuma?"

"Nyuma yako hapo, akupumulie shingoni? Wewe mkwe wake?"

Mume alijishika shingo. Kisha akaingia kwenye gari kubwa, akashika usukani, akamtuma mkewe akae safu ya mwisho.

"Unanisikia?"

"Kwa mbali."

"Basi tuchukue hili."

Muuzaji, mgeni wa huku, aliwatazama kama watu waliorukwa na akili. Mimi nilikumbuka pikapu ya marehemu baba. Nyanya, mama yake mama, alikataa katakata kukaa mbele bega kwa bega na mkwe wake. Kwetu hiyo ni aibu. Alipanda nyuma juu ya magunia ya mihogo, akatupa kisogo. Mvua ilipoanza kunyesha, baba alisimamisha gari, akashuka, nyanya akaingia mbele. Baba alisimama kwenye baraza la duka la watu, maji yakimrukia suruali, mpaka mvua ilipokatika.

Tungekuwa na gari la safu tatu enzi hizo, tungefika mapema, tena wakavu. Lakini sidhani kama leo ningeikumbuka safari yenyewe.