Gesti ya Bure

Ambilikile wa Masoko hakuwa maskini. Hilo tuliweke wazi mapema, maana ubahili wa maskini ni lazima, lakini ubahili wa mtu mwenye migomba, kahawa na ng'ombe wa maziwa ni kipaji. Na kipaji chake kilichanua akiwa safarini. Nyumbani alikula na kunywa kama watu. Akishafunga begi tu, anageuka mtu mwingine. Ndizi za kuchoma alitoka nazo kwake, maji alitoka nayo kwake, na choo cha stendi hakukikanyaga kwa sababu wanatoza. Alijibana mpaka basi lisimame porini abiria wachimbe dawa. Majirani walimwita Bila Gharama, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Safari hii ilikuwa ya Morogoro, kwenye harusi ya mpwa wake. Basi linaondoka Tukuyu alfajiri, kwa hiyo mtu wa Masoko hana budi kulala mjini. Watu wengine hulala gesti.

"Nilipie kitanda ili nikifumbie macho?" alimwuliza mkewe, Marita. "Nitalala kwa Lugano."

Lugano ni mtoto wao, fundi pikipiki pale mjini. Marita akaacha kumenya ndizi.

"Na mkweo je? Si hujamfungua?"

Hapo ndipo penye kazi. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mwanamke na baba mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani. Akimwona anakuja, anajifunika na kumpisha. Jina lake hata kulitamka halitamki. Kwa ukoo wa Ambilikile mambo hayo huisha siku mzee anapompa mkwewe zawadi mbele ya shahidi; huko ndiko kumfungua. Zamani ilikuwa ng'ombe, siku hizi hata kitenge kinapokelewa, tena kwa shukrani. Kitenge tu, jamani. Lakini tangu Lugano aoe, Ambilikile kila mwaka alikuwa na sababu: mara kahawa imeshuka bei, mara mvua imezidi, mara mvua imepungua. Masoko ile ile ambayo nguo zikianikwa Jumatatu zinaanuliwa Ijumaa, bado mbichi.

Kwa ubishi huo alikuwa hajampakata mjukuu wake. Mtoto wa kiume, amepewa jina lake yeye mwenyewe, Ambilikile, na ameshaanza kukimbia, babu yake anamjua kwa picha. Na alimpenda, tusimwonee. Kila akimaliza kukamua alitoa simu akaitazama ile picha, mpaka kioo kikawa kinanuka maziwa.

"Mkono mtupu haulambwi, baba Lugano," Marita akamwambia. "Pitia dukani ununue kitenge."

"Mila inaishia pale Mpuguso njiani. Mjini kuna lami."

Marita akasema haya, ile haya ya mwanamke anayejua kitakachotokea.

Ambilikile akaenda mjini kwa miguu, bodaboda zote akizipungia zipite. Alipokaribia kwa Lugano mvua ikaanza kumwagika, naye akapiga hodi mguu mmoja ukiwa tayari ndani. Anyosisye, mke wa Lugano, alikuwa anamnywesha mtoto uji. Aliona viatu tu. Hakuhitaji kuona zaidi. Alijitupia kanga kichwani, akamtupa mtoto mgongoni, akatokea mlango wa nyuma.

Ambilikile akabaki na kiti, paa na kikombe cha uji. Uji wenyewe wa ulezi, una maziwa, bado wa moto. Akaona kuacha chakula kiharibike ni dhambi. Akaunywa wote, akafuta kikombe kwa kidole.

Ndipo akasikia mtoto analia. Akasogea dirishani. Nyumba ya pili kulikuwa na kiduka cha vitenge cha mama mmoja aitwaye Mwantum, kidogo hivi kwamba muuzaji mwenyewe huingia kiubavu. Anyosisye alikuwa amejibanza chini ya upenu wake, mgongo ukutani, mtoto sasa kifuani. Kimguu cha mtoto kilichomoza nje ya kanga, na maji ya bati yalikuwa yanakiangukia. Mtoto alinyoosha kidole kwenye nyumba yao akilia neno moja.

"Uji."

Ambilikile akatazama kikombe.

Lugano akaingia, amelowa, akamwamkia baba yake, akatazama dirishani, akaelewa.

"Baba, hawezi kurudi ukiwa humu. Unajua."

"Mwambie aingie. Mimi nitafumba macho."

"Hatakubali. Husema kwao alilelewa." Lugano alikuwa na haya ya kusema yaliyofuata. "Gesti iko hapo chini. Twende, nitakulipia mimi."

Sasa sikiliza. Gesti, kitanda cha peke yake, shuka safi, na halipi yeye. Maisha yake yote Ambilikile alikuwa anaiombea ofa ya namna hiyo. Mguu wake wa kulia ulishanyanyuka. Lakini mtoto akalia tena, na kikombe kitupu bado alikuwa nacho mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Akatoka mvuani bila mwavuli. Anyosisye akampa mgongo upesi.

"Mama," akamwambia Mwantum, "kitenge kizuri kuliko vyote ni kipi?"

Mwantum alimfahamu, mji ni mdogo. Akataja bei ya kubishania, akajiweka sawa kwa vita. Ambilikile akahesabu pesa, akampa. Mwantum alichanganyikiwa mpaka akampunguzia mwenyewe.

"Utakuwa shahidi," Ambilikile akasema. "Mfunike mkwe wangu."

Mwantum akakikunjua kitenge, akamvika Anyosisye mabegani. Anyosisye akasimama kidogo, kisha akageuka, akapiga magoti palepale penye maji.

"Mwagonile, tata."

Salamu ya kila siku, kila mtu Rungwe anaisema. Lakini kwa mkwewe kumwamkia yeye, kumwita baba, ilikuwa mara ya kwanza.

Anyosisye akamshusha mtoto chini. Tangu amzae alikuwa anamwita Bosi, na mtaa mzima ukafuata, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa haramu mdomoni mwa mama yake. Sasa akalisema polepole, kwa woga kidogo.

"Ambilikile. Msalimie babu."

Mtoto hakugeuka. Angegeukaje, jina lenyewe halijui? Aliyeitika ni mzee, amechuchumaa matopeni, mikono ameshainyoosha.

"Naam, mama," akasema. "Kuna uji mwingine? Ule wa kwanza nimeumaliza mimi."