Norbert na Maji Asiyoyanywa

Norbert alikuwa karani wa soko la pamba la mji wa Baraka. Ukimwona asubuhi na shati lake jeupe, ungedhani Wabelgiji hawawezi kutawala siku ambayo yeye amechelewa kuamka.

Alipanga katika lupango, ua wenye nyumba tatu na kisima kimoja. Ziwa lilikuwa karibu, lakini pale ufukweni walioga watu na mbuzi pamoja, kwa hiyo maji ya kunywa na ya kupikia yalitoka kisimani. Masika ya mwaka 1954 ukingo wa kisima ukabomoka, maji yakawa uji wa udongo.

Casimir, jirani seremala, akatafuta fundi wa visima kutoka Mboko, akaomba kila nyumba itoe sehemu yake. Florentine, mjane wa nyumba ya tatu, alikuwa akipika na kuuza kasiksi, pombe ya ndizi. Akasema yeye ndiye anayeteka maji mengi, kwa hiyo atatoa sehemu mbili. Hata mtoto angeelewa haki hiyo. Karani hakuielewa.

"Mi sinywake maji," Norbert akasema. "Inanileteaka tumbo. Kazini minanywaka chai, mangaribi kasiksi. Sasa nilipe ya nini?"

"Na nguo unafuaka na nini?" Casimir akamuuliza.

"Ile ni kazi ya bibi."

Georgette, mkewe, alikuwa mlangoni akisikia. Kesho yake akajifunga kikwembe kiunoni, akashinda kisimani akivuta ndoo za tope, siku baada ya siku, mpaka fundi akakubali kwamba kazi hiyo ni sehemu ya nyumba yao. Maji yakarudi safi.

Jumamosi Norbert akatafuta shati lake la kazi.

"Shemizi yangu iko wapi?"

"Iko pale uliiacha, Papa Constance," Georgette akajibu. Constance ndiye mtoto wao wa kwanza.

"Haukufua?"

"Maji ni ya mi na batoto. Tope nilivuta ni yetu. Ya wewe haikulipiwa. Unataka niibie majirani?"

Karani akachukua sabuni, akaenda ziwani. Bamama waliokuwa wakifua pale walimsaidia sana, kwa ushauri. Shati likatoka na rangi ya mchuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Kazini akaeleza kwamba nyeupe imepitwa na wakati.

Jioni akaenda kujiliwaza kwa Florentine. Mjane akamimina kwa huyu, akamimina kwa yule, akamruka Norbert.

"Mama Florentine, umenisahau."

"Nikusahau we? Hapana, Papa. Kasiksi hii iko na maji ya kisima mingi. Naogopa tumbo yako."

"Lakini ni ndizi!"

"Ni ndizi? Basi kesho nitakuwekea ndizi, utafune."

Watu walicheka hadi vikombe vikamwagika. Norbert akarudi nyumbani na kiu yake. Alivumilia kwa ujasiri mkubwa, yaani hadi kesho yake jioni, kisha akabisha kwa Casimir kuuliza ni kitu gani kimebaki kulipiwa.

Kilichobaki ni kifuniko, maana batoto walicheza karibu na shimo. Norbert akanunua mbao na misumari, akazishika mwenyewe huku Casimir akigonga. Nyundo ilipompata kidole, alitamka maneno ambayo padri hakuwahi kumfundisha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekipenda kisima kama yeye. Bonaventure alipokuja kupanga chumba kwa Florentine, hata hajatua sanduku, karani alikuwa mbele yake akimfundisha namna majirani wanavyogawana gharama kwa haki, kana kwamba haki hiyo ilizaliwa kwake.

Georgette akaanza tena kumfulia mashati. Lakini masika yaliyofuata, kisima kilipohitaji kusafishwa, alijifunga kikwembe na kwenda kuvuta tope.

"Acha, mama," Norbert akamwambia. "Nyumba yetu nimeishalipa."

"Umelipa yako," Georgette akasema, akachukua ndoo. "Mi nalipa yangu."