Mapokezi ya dharura yaliyokataa kungoja siku ya mnada

Saa mbili asubuhi, Jumanne, mkokoteni wa ng'ombe unasimama nje ya geti la hospitali moja ya misheni, upande wa Zuzu, magharibi ya Dodoma. Juu yake amelala Bartolomayo, mfugaji, paja limefungwa kanga iliyokwisha kulowa damu. Fahali alimpiga pembe jana jioni.

Anayeingia ndani ni shemeji yake, Seth, peke yake. Anavua kofia, anatoa shikamoo, kisha anauliza bei ya kushona kidonda, maana mbuzi wa kuuza yupo ila mnada ni Jumamosi.

Anayemsikiliza ni Dorkasi Chilewa, muuguzi msaidizi wa mapokezi ya dharura, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Kalamu yake ameifunga kwenye mguu wa meza kwa kipande cha bandeji, isije ikatembea.

"Nimekuuliza jina la mgonjwa, baba, wewe unanitajia mbuzi," anamwambia. "Nimwandike mbuzi?"

Seth anacheka bila kutaka. Machela imekwisha kutoka nje.

Mwaka jana, 1994, misaada ilipopungua, hospitali ilianza kudai shilingi elfu tatu kwenye dirisha la malipo kabla mgonjwa wa dharura hajaguswa. Dorkasi mwenyewe hulipwa elfu ishirini na sita kwa mwezi, kwa hiyo anajua uzito wa fedha hiyo kwa mtu anayesubiri mtama ukomae.

Ni yeye aliyegundua jambo kwenye daftari la mapokezi. Katika miezi mitatu walipokea wagonjwa sitini na mmoja, na kati yao thelathini na wanane waliingia Jumamosi jioni au Jumapili.

"Nikajiuliza, hivi huku watu huvunjika kwa zamu? Kumbe walivunjika Jumatatu, wakangoja mbuzi auzwe," anasema.

Kidonda cha siku moja kilihitaji uzi na sindano. Kikifika cha siku tano kilihitaji kitanda wiki tatu na dawa za bei, na deni likikua hivyo mgonjwa alitoroka wodini. Kumi na wanne walitoroka. Ile elfu tatu ya dirishani ilikuwa imeipotezea hospitali fedha nyingi zaidi.

Alipeleka daftari kwenye kamati ya hospitali, akaomba miezi mitatu ya kujaribu: mgonjwa atibiwe kwanza, ndugu walete barua ya balozi wao wa nyumba kumi ya kuwadhamini, walipe baada ya mavuno. Fabian, karani wa dirisha, alipinga waziwazi.

"Dada Dorkasi, dawa nanunua taslimu," alimwambia mbele ya kamati. "Mwenye duka hapokei mtama wa mwezi wa saba."

Kamati ilikubali jaribio. Dorkasi alimwomba Fabian ahesabu tu vitanda. Miezi mitatu ilipokwisha, vitanda tisa kati ya ishirini vilikuwa wazi, aliyetoroka ni mmoja, na dawa zilizonunuliwa zilikuwa nusu ya zile za miezi mitatu ya kabla yake. Fabian alihesabu mara mbili, kisha akampelekea chai mezani.

Ijumaa iliyopita kamati iliwaongezea muda hadi mwisho wa Septemba. Theluthi mbili ya madeni isipoingia, mgonjwa ataanzia tena dirishani kulipa.

Mchana, Bartolomayo ameshonwa na anakula uji. Seth anaondoka kufuata barua ya balozi.

Dorkasi ameomba likizo yake ya Agosti aitumie vijijini, kitongoji kwa kitongoji, yeye na Fabian kwa baiskeli ya hospitali. Fabian atakwenda na kitabu cha stakabadhi. Dorkasi mwenyewe hataki kuzungumza habari ya deni hata kidogo.

"Nitawaambia neno moja tu, aliyeumia aje siku ileile," anasema. "Wakija siku ileile, deni linakuwa dogo, na deni dogo watu wa huku hulilipa. Nimezaliwa nao, nawajua."